Timu inazama na msimu uko nusu: kagua haya kabla ya kumfungashia kocha virago

Nimekaa kwenye kamati za timu za Mombasa miaka kumi na minne, mingi nikiwa mweka hazina, na mkono wangu umeinuka mara tano kumfuta mwalimu kazi katikati ya msimu. Mara mbili tulipatia. Mara tatu tulibadilisha fyuzi na huku nyaya zimeungua ndani ya ukuta. Haukupita mwezi, fyuzi mpya nayo ikakatika, na hiyo tulikuwa tumeinunua kwa deni.

Maelezo haya ni ya watu wa kamati: mwenyekiti, katibu, mfadhili anayegonga meza. Nimeyapanga kwa dalili, kwa maneno yaleyale ambayo malalamiko hutufikia nayo kwenye baraza la kahawa. Kila dalili naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, namalizia na ya nadra. Mtaona kocha mara nyingi yuko chini. Simtetei, napanga kwa gharama. Kumuuliza kijana amekula nini ni bure. Kumfuta kocha ni kulipa mishahara miwili kwa kiti kimoja.

Kabla ya kikao wekeni mezani vitu vinne: daftari la mechi (tulifungwa dakika ya ngapi, na vipi), orodha ya malipo ya miezi mitatu, orodha ya majeruhi, na ratiba ya mechi zilizobaki. Kama daftari la mechi halipo, ahirisheni kikao, kwa sababu mtakachokijadili ni hasira. Na mweka hazina akianza kukohoa mkiomba orodha ya malipo, nusu ya jibu mmeshalipata.

"Tunacheza mpira mzuri lakini pointi hazionekani"

Dalili hii imewafukuzisha makocha wengi wasio na kosa. Sababu ya kawaida ni ratiba na bahati. Mpira una mabao machache, kwa hiyo timu inaweza kugonga mwamba mara nne ndani ya mwezi ikaambulia sare moja. Tazameni ratiba kwanza: mechi tano zilizopita mlicheza na nani, na wapi? Kisha mpeni kijana mmoja kalamu, akae nyuma ya goli, ahesabu nafasi za wazi za pande zote mbili. Mechi tatu zinatosha kuwapa picha. Kama nafasi zenu ni nyingi kuliko za wapinzani, mwacheni mwalimu afanye kazi.

Hapa ndipo penye mtego. Kamati humfuta kocha timu ikiwa imegusa tope la chini kabisa, na timu iliyogusa chini aghlabu hupanda kidogo, hata benchini akae nani. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichunguza ligi kuu ya kwao kuanzia 1986 hadi 2004. Alizilinganisha klabu zilizobadilisha kocha na zile zilizopita kwenye kipindi kibovu kama hicho bila kumgusa wa kwao, na hakuona kwamba kubadilisha kuliwapa waliobadilisha faida. Lakini barazani wiki ya pili ikija na ushindi, utasikia, "Huyu mpya ana mkono."

Sababu ya pili ni straika. Yuko wapi aliyewafungia msimu uliopita? Nimeziona timu za hapa zikimuuza mfungaji wao Januari aende Nairobi, halafu Machi kamati inamuuliza kocha mbona mabao hayaji. Hilo swali ajibu aliyepokea pesa.

Sababu ya tatu, ya nadra: mwalimu mwenyewe anampanga mshambuliaji peke yake mbele kama mnara wa simu. Hilo linazungumzika kwa kikombe kimoja cha kahawa tungu.

Mfano ambao kila mtu wa huku anaukumbuka ni Yanga. Novemba 2024 walifungwa na Azam 1-0 na Tabora United 3-1 ndani ya wiki moja, na Miguel Gamondi, aliyewapa ubingwa wa 2023/24, akaondolewa. Akaja Sead Ramović. Februari Ramović naye akaenda zake Algeria, akaja Miloud Hamdi, na ubingwa ukabaki palepale Jangwani, makao ya Yanga. Wengine wanasema mabadiliko yalisaidia. Mimi naona makocha watatu walipita juu ya kikosi kimoja cha ubingwa.

"Dakika ya sabini miguu inakwisha"

Nitakaa hapa kidogo, maana ndiyo dalili ya Pwani hasa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Machi, kaskazi inaishia, hewa imesimama kama maji ya kisima. Uwanja wa Changamwe, tunaongoza bao moja. Dakika ya sitini na nane nikamwona beki wetu wa kulia amechuchumaa, ameshika ndama ya mguu kwa mikono miwili, na winga wao anapita pembeni yake akitembea tu. Tukafungwa mbili. Baadaye nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anafungua viatu vilivyogandishwa kwa gundi. Nikamuuliza umekula nini leo. "Mahamri mawili na chai ya rangi, mzee." Saa ngapi? "Saa moja asubuhi." Mechi ilianza saa tisa, na alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Mikindani ili nauli ya posho abaki nayo. Usiku huohuo kamati ilikaa. Ajenda ilikuwa moja: mwalimu hajui kuwapa vijana mazoezi ya pumzi.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni njaa na maji. Mwulizeni kila mchezaji peke yake, kocha asiwepo. Halafu tafuteni mizani: pimeni vijana kabla ya mazoezi na baada yake. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji iliyotoka mwilini. Kijana anayepoteza kilo mbili kwa saa moja na nusu hawezi kukimbia dakika ya themanini, hata akifundishwa na nani. Dawa ni wali wa maharage mapema kabla ya adhuhuri, maji ya kutosha, chumvi kidogo, na matunda. Bei yake kwa mwezi mzima hailingani na kumvunjia kocha mkataba.

Sababu ya pili ni safari. Kutoka hapa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na timu zinazocheza Kakamega zinaongeza barabara nyingine ndefu juu yake. Basi la usiku, kushuka alfajiri, kulala kwenye viti vya jukwaa, kucheza saa tisa. Fungueni daftari mlinganishe mabao ya dakika za mwisho nyumbani na ugenini. Yakijaa ugenini, tatizo ni basi. Nendeni siku moja kabla, au kama mechi ni Nairobi, pandeni treni; saa tano hivi mko Syokimau na shingo zenu nzima.

Ya tatu ni joto lenyewe. Timu inayofanya mazoezi alfajiri tu halafu inacheza alasiri imeuficha mwili jua. Mwili unahitaji kama siku kumi hadi kumi na nne kulizoea joto, na mchezaji mliyemsajili kutoka bara hapewi hata wiki.

Ya nne ndiyo kocha. Angalieni daftari: mchezaji wa kwanza wa akiba huingia dakika ya ngapi? Sheria sasa inaruhusu wachezaji watano wa akiba. Kama kila wiki wa kwanza anaingia dakika ya themanini na mbili, hilo ni lake, na apewe kwa maandishi.

SIMAMA HAPA: mchezaji akianza kuweweseka kwenye jua, akapepesuka, akajibu maneno yasiyoeleweka au akaanguka, hayo si mambo ya kamati tena. Mtoeni juani, mvueni jezi, mmwagieni maji baridi mwili mzima na kumpepea hapohapo huku mwingine anaita daktari na ambulensi. Asiye na fahamu zake msimtie kinywaji mdomoni. Poozeni kwanza, safari ya hospitali ifuate.

"Wachezaji hawaji mazoezini"

Someni orodha ya malipo. Kama posho ya miezi miwili haijatoka, fungeni mjadala. Hakuna mwalimu duniani anayelifundisha hilo. Na mara nyingi kocha naye hajalipwa, anakaa kimya kwa sababu ya heshima.

Kama malipo yako sawa, angalieni kazi zao. Nusu ya vijana wetu wana vibarua bandarini au wanaendesha tuktuk, na wa Likoni wanategemea feri. Mazoezi ya saa kumi kamili yanamkuta bado yuko kwenye foleni ya ng'ambo. Sogezeni nusu saa muone. Kisha ugomvi kati ya wachezaji wenyewe, ambao nahodha anaujua. Mwisho kabisa, matusi ya kocha. Yapo, lakini hayaji kimyakimya. Mzazi mmoja atakuwa ameshawapigia simu.

"Nyumbani hatushindi"

Hapo kwenu ni nyumbani kweli? Uwanja wa Manispaa ulipofungwa kwa ujenzi, kuna timu zilizocheza mechi za "nyumbani" viwanja vitatu tofauti ndani ya msimu mmoja. Tafuteni uwanja mmoja mkae nao.

"Tunafungwa bao lilelile kila wiki"

Kona ya kushoto, mlingoti wa pili, kichwa. Wiki ijayo tena. Hii sasa inaelekea kwa benchi la ufundi. Kagueni kwanza kama beki mrefu ni majeruhi, na kama kipa ana tatizo la macho (tuliwahi kuwa na mmoja aliyekuwa akiuona mpira umeshafika, miwani haikuwezekana, tukambadilisha). Baada ya hapo nendeni mazoezini Jumatano bila kuaga, mkae ukutani, muhesabu dakika zinazotumika kujilinda na kona. Zikiwa sifuri, mwambieni mwalimu na mumpe wiki tatu. Akilirekebisha, mna kocha mzuri. Asipogusa kitu, andikeni tarehe.

"Mashabiki wanaimba aondoke"

Huo ni moshi, haujasema moto uko wapi. Klabu ya Bandari ya Mbaraki ilimaliza ya pili ligini 2018 na tena 2018/19, ikachukua ngao ya shirikisho 2019, yote chini ya Bernard Mwalala. Mwaka huohuo haujaisha, akawa ameshaondoka. Jukwaa linakumbuka Jumamosi iliyopita tu.

Nyimbo zikizidi, kuna wazee watakaopendekeza "kamati ya ufundi", na mnajua simaanishi makocha. Nimewahi kuandika vocha ya "vifaa vya uwanja" ambavyo vilikuwa jogoo na safari ya usiku. Tulitoka sare.

"Wachezaji hawamsikii mwalimu"

Hii ndiyo dalili pekee ambayo kubadilisha kocha kunaitibu kweli, na ndiyo iliyo rahisi kughushiwa. Nyota aliyewekwa benchi mechi mbili anaweza kuwafanya wajumbe watatu waamini timu nzima imeasi. Kwa hiyo pimeni. Zungumzeni na watu watano, kila mmoja mbali na mwenzake: nahodha, kipa, mchezaji wa akiba asiyepata namba, kijana mdogo kuliko wote, na mtunza jezi. Mtunza jezi msimruke. Anajua nani anamsalimia nani, na mapumziko ya kati yamepita kwa maneno au kwa kimya. Anayecheza na asiyecheza wakisema jambo moja, basi ni kweli. Ishara nyingine ni uwanjani: kocha anapiga kelele kutoka mstarini na mchezaji aliye karibu naye kabisa hageuzi shingo.

Mkishathibitisha, bado kuna swali moja ambalo kwangu mimi ndilo linaloamua kila kitu: kikosi hiki ni bora kuliko nafasi yake kwenye jedwali?

Kama ni bora, badilisheni. Leicester walimwondoa Claudio Ranieri Februari 2017, miezi tisa baada ya ubingwa, wakiwa pointi moja juu ya mstari wa kushuka. Ilikuwa dhuluma kuitazama, lakini msaidizi wake Craig Shakespeare akawamaliza nafasi ya 12. Chelsea walimtimua André Villas-Boas Machi 2012, na Mei Roberto Di Matteo akanyanyua kombe la Ulaya mjini Munich. (Novemba naye akafukuzwa. Mpira!) Kodivaa walipigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta kwao wenyewe Januari 2024, wakamwondoa Jean-Louis Gasset mashindano yakiendelea, na msaidizi Emerse Faé akachukua Kombe la Afrika kwa kuwafunga Nigeria 2-1. Na hapa Kenya, Polisi waliuanza msimu wa 2024/25 vibaya, wakamleta Etienne Ndayiragije wa Burundi katikati ya safari, wakamaliza na ubingwa wao wa kwanza. Timu hizo zote zilikuwa na wachezaji wazuri waliokwama.

Kama kikosi ni dhaifu, kocha mpya atakuta miguu ileile. Watford 2021/22 walitumia makocha watatu wakashuka daraja. Leeds 2022/23 watatu pia, wakashuka. Wa mwisho wao, Sam Allardyce, alipewa mechi nne akapata pointi moja.

Mmekagua yote, na ni kocha

Basi fanyeni vizuri. Hesabuni mechi. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18 na mechi 34. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja na ya 16 inaenda mchujo. Mwalimu mpya anayecheza kila wiki anapata siku nne za mazoezi kati ya mechi, na ya kwanza ni ya kunyoosha miguu. Zikibaki mechi chini ya sita, sitapiga kura ya kumleta mgeni. Mpeni msaidizi, majina anayajua, na hawezi kuwadai nyumba Nyali. Zikibaki kumi na tano, na ligi iko mapumzikoni, na dirisha la usajili limo njiani kufunguliwa, huo ndio wakati. Wiki ya mechi na wapinzani wa jadi sio.

Mrithi awe ameshakubali kabla hamjamwambia anayeondoka, na leseni yake ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, iwe inakidhi matakwa ya ligi. Tulimleta mmoja kwa shangwe, ndio tukajua haruhusiwi kukaa benchini. Mechi mbili alifundisha kutoka jukwaani kwa simu.

Watu wa nje mtakaowahitaji ni wawili.

Wakili, kabla ya barua na si baada yake. Someni kifungu cha kuvunja mkataba: notisi ya muda gani, fidia kiasi gani. Kumnyima kocha kazi ili "achoke mwenyewe aondoke" ni kumwandikia kesi. Gor Mahia na AFC Leopards zote zimewahi kuzuiwa na FIFA kusajili kwa madeni ya watu waliowahi kuzitumikia, na hizo ni klabu kubwa zenye mashabiki nchi nzima. Yenu itafungwa kufuli.

Polisi na shirikisho, mkishuku mechi zinauzwa. Kipa anaachia mpira laini, beki anasababisha penalti zisizo na maana, na kuna jamaa asiyejulikana kila mara nje ya geti. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji kadhaa wa Ligi Kuu ya Kenya kwa kupanga matokeo, kwa hiyo si hadithi ya mbali. Msimhoji kijana ninyi wenyewe, msichukue simu yake kwa nguvu, msimtangaze barazani. Hifadhini mlichonacho, mpeleke ripoti, mkae kimya.

Wa kumpa habari mwalimu ni mwenyekiti, ana kwa ana, na hundi au ratiba ya malipo iliyosainiwa iwe mkononi. Asisikie redioni. Na kabla ya siku hiyo, katibu aende stoo aandike kipi ni cha klabu. Yule wa tatu tuliyemfuta aliondoka Jumapili jioni kwa tuktuk, kwa adabu, akatupa mkono sote. Jumatatu vijana ishirini na wawili walifika mazoezini wakakuta mpira mmoja. Mingine yote, pamoja na koni na filimbi, ilikuwa ya kwake.